Ubaguzi Hauonekani Katika Kesi Moja

Kesi ya Warren McCleskey niliisoma kabla sijakutana na mshtakiwa hata mmoja. Niliisoma katika darasa la takwimu, si la sheria, katika chuo kimoja cha Marekani nilikokwenda kusomea shahada ya uzamili baada ya kumaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwalimu alitugawia karatasi yenye namba nne tu za asilimia, akatuambia tuisome kwanza. Jina la kesi angelitaja baadaye.

Asilimia zile zilihusu mauaji katika jimbo la Georgia miaka ya 1970. Mweusi alipomuua mzungu, asilimia 22 ya washtakiwa walihukumiwa kifo. Mzungu alipomuua mzungu, asilimia 8. Mzungu alipomuua mweusi, asilimia 3. Mweusi alipomuua mweusi, asilimia 1. Sikuhitaji kufafanuliwa. Hakuna mwendesha mashtaka wa Georgia ambaye angesimama hadharani aseme kwamba roho ya mweusi ina thamani ndogo kuliko ya mzungu, lakini mafaili yao, yalipowekwa pamoja, yalikuwa yanasema hivyo.

Aliyeyaweka pamoja ni David Baldus, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Iowa, akishirikiana na Charles Pulaski na mtakwimu George Woodworth. Walipekua kesi zaidi ya 2,000, na mambo waliyoyachunguza yalifika 230: umri wa mshtakiwa, makosa yake ya nyuma, silaha iliyotumika, kama palikuwa na unyang'anyi, kama marehemu alikuwa askari, waliouawa walikuwa wangapi. Nataka msomaji aelewe kwa nini walijisumbua hivyo, kwa sababu kazi yote ya mtakwimu mahakamani imo humo. Ukileta asilimia 22 na asilimia 1 peke yake, upande wa pili utakuuliza maswali, na una haki ya kuuliza. Je, kama waliowaua wazungu waliua katika unyang'anyi, na waliowaua weusi waliua katika ugomvi wa kilabuni? Je, kama wale wa kwanza walikuwa na rekodi chafu zaidi? Maswali ya namna hiyo ni pumba zilizochanganyika na mchele, na dawa yake ni kupepeta. Unalinganisha wenye unyang'anyi na wenye unyang'anyi wenzao, wenye rekodi na wenye rekodi, kisha unatazama kama tofauti ya rangi bado imebaki kwenye ungo.

Ilibaki. Hata baada ya kuzingatia mambo 39 yasiyohusu rangi, aliyemuua mzungu alikuwa na uwiano wa kuhukumiwa kifo dhidi ya kunusurika uliokuwa mara 4.3 ya ule wa aliyemuua mweusi. Hapa naomba subira kidogo, maana uwiano si sawa na uwezekano. Chukua kesi nne za aina fulani ambazo marehemu alikuwa mweusi, moja ikaishia kwenye hukumu ya kifo na tatu zikanusurika. Badilisha rangi ya marehemu tu, na ule uwiano wa 1 kwa 3 unakuwa 4.3 kwa 3, yaani karibu kesi sita katika kila kumi. Ni tofauti ya kutisha. Lakini hukumu ya mahakama iliandikwa kana kwamba uwezekano wenyewe ndio uliozidi mara 4.3, na ukizidisha asilimia 25 kwa 4.3 unavuka asilimia 100, jambo lisilowezekana. Tangu nilipoliona hilo nimeshika kanuni moja: namba inayokwenda mahakamani lazima iwe ile ambayo jaji anaweza kuirudia kwa maneno yake mwenyewe bila kuiharibu.

Lililonigusa zaidi katika utafiti ule ni mahali rangi ilipokuwa na nguvu. Katika mauaji ya kinyama kupita kiasi, rangi haikubadilisha mengi, kwa sababu karibu kila mtu alihukumiwa kifo. Katika yale mepesi, karibu hakuna aliyehukumiwa. Rangi ilifanya kazi yake katikati, kwenye kesi ambazo mwendesha mashtaka na juri, yaani wale raia 12 wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia, wangeweza kwenda huku au kule. Palipokuwa na uhuru wa kuamua, ndipo ubaguzi ulipoingia. Waendesha mashtaka waliomba adhabu ya kifo katika asilimia 70 ya kesi za mweusi aliyemuua mzungu, na asilimia 15 ya kesi za mweusi aliyemuua mweusi.

McCleskey alikuwa mweusi. Alitiwa hatiani kwa kumuua askari mzungu wakati wa unyang'anyi katika duka la samani mjini Atlanta mwaka 1978. Kati ya watu 17 walioshtakiwa kwa kuua askari katika wilaya ile, Fulton, kati ya 1973 na 1979, ni yeye peke yake aliyehukumiwa kifo. Tarehe 22 Aprili 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia rufaa yake kwa kura tano dhidi ya nne. Jaji Lewis Powell, aliyeandika hukumu ya walio wengi, hakusema utafiti ni wa uongo. Aliuchukulia kuwa ni sahihi, kisha akasema hautoshi. McCleskey alitakiwa athibitishe kwamba watu walioamua kesi yake, wale hasa, walimbagua kwa makusudi. Powell aliongeza kwamba hoja hii ikikubaliwa, itafuatwa na madai dhidi ya adhabu nyingine zote. Jaji William Brennan, miongoni mwa wanne walioshindwa, aliwajibu wenzake kwamba hiyo ni hofu ya haki kuzidi.

McCleskey aliuawa kwa kiti cha umeme tarehe 25 Septemba 1991. Powell, baada ya kustaafu, alimwambia mwandishi wa wasifu wake kwamba kama angeweza kubadili kura yake katika kesi moja, angebadili ile.

Nilimsimulia baba yangu habari hii kwa simu. Kwa miaka mingi baba alikuwa mzee wa baraza, akiitwa kila Mahakama Kuu ilipokuja kufanya vikao mjini kwetu Morogoro. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo huyo jaji alitaka aoneshwe mtu aliyekusudia?"

"Ndiyo, baba."

"Hatampata, mwanangu. Mimi nimekaa pale. Kila kesi ina sababu zake, na ukiitazama peke yake utaziona sababu zake tu. Hutaona kitu kingine."

Baba hakusoma takwimu, lakini alikuwa ameligusa jambo ambalo nimelifanyia kazi mpaka leo. Mahakama humtazama mtu mmoja mmoja, na ndivyo inavyopaswa. Ubaguzi wa rangi katika zama hizi hauonekani kwa mtu mmoja mmoja. Mshtakiwa huyu alipewa adhabu kali kwa sababu alikuwa na bastola, yule kwa sababu hakuonesha majuto, wa tatu kwa sababu wakili wake alichelewa kuleta mashahidi. Kila sababu inasimama. Ni mpaka uwapange elfu moja kwenye mstari ndipo unapoona kwamba sababu hizo zimewaangukia watu wa rangi moja kuliko wengine. Ukidai ushahidi wa ubaguzi utoke ndani ya kesi moja, unadai utoke mahali usipoweza kuonekana.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nafundisha takwimu katika chuo cha jimbo lingine, wakili anayewatetea watu wasio na uwezo wa kulipa alinipigia simu. Alikuwa na mteja mweusi anayekabiliwa na shtaka zito. Siku ya kuchagua juri, aliingia ukumbini, akawatazama raia walioitwa, akakuta mteja wake ndiye mweusi peke yake mle ndani. (Msomaji wa Tanzania asichanganye juri na wazee wa baraza kama baba, maoni ya wazee hayamfungi jaji, lakini uamuzi wa juri ndio uamuzi.) Aliniuliza kama hiyo ilikuwa bahati mbaya ya siku ile au ndiyo kawaida ya pale. Nilimwambia siku moja haiwezi kunijibu swali hilo. Aniletee orodha za miaka.

Njia ya kulijibu ilikwisha kuoneshwa katika kesi ya Castaneda dhidi ya Partida, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1977, miaka 10 kabla ya McCleskey. Katika wilaya ya Hidalgo, Texas, watu wenye asili ya Meksiko walikuwa asilimia 79.1 ya wakazi. Kwa miaka 11, watu 870 waliitwa kwenye juri ya kupitisha mashtaka. Kama wangechaguliwa bila kuangalia asili yao, karibu 688 wangekuwa wenye asili ya Meksiko. Waliokuwapo ni 339. Jaji Harry Blackmun aliweka hesabu kwenye tanbihi ya hukumu: uwezekano wa pengo kama hilo kutokea kwa bahati tu haufiki moja gawanya kwa namba yenye 1 ikifuatwa na sifuri 140. Na tazama mahakama ilifanya nini na hesabu hiyo. Haikumwambia Partida, aliyekuwa mshtakiwa, amtafute aliyekusudia. Iliigeukia serikali, ikaitaka ieleze pengo hilo limetoka wapi, na serikali iliposhindwa kueleza, Partida alishinda. Mahakama iliyoweza kufanya hivyo mwaka 1977 haikukosa uwezo wa kufanya hivyo mwaka 1987.

Orodha nilizoletewa zilikuwa na majina na anwani, hazikuwa na safu ya rangi. Kazi ikaanzia hapo. Sensa ya Marekani, inayofanywa kila baada ya miaka 10, hutoa idadi ya watu kwa rangi mpaka ngazi ya nyumba chache za mtaa mmoja. Tulichukua kila anwani tukaiweka kwenye eneo lake la sensa, tukakadiria rangi ya walioitwa, kisha tukalinganisha na watu wazima wote wa wilaya. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa karani wa sensa ya Tanzania ya 2002. Nilipita nyumba kwa nyumba na madodoso yangu, na nilijua tangu wakati ule nani huwa hapatikani: mpangaji wa chumba kimoja, anayehama kila kodi inapopanda, anayetoka alfajiri na kurudi usiku. Kwa hiyo pengo lilipojitokeza, nilijua pa kuuliza. Nilimwomba wakili atafute bahasha zilizorudi.

Zilikuwapo, zimefungwa kwa mipira kwenye masanduku. Barua nyingi za kuwaita watu kwenye juri zilikuwa zimerudi bila kumfikia mtu, na zilitoka zaidi katika mitaa ya wapangaji, ambako ndiko weusi wa wilaya ile walikoishi kwa wingi. Anwani zilikuwa za zamani. Barua ikirudi, jina lilifutwa, na hakuna aliyetuma nyingine. Hapakuwa na mtu aliyekaa akapanga kuwatoa weusi kwenye juri. Palikuwa na utaratibu uliowatoa mwaka baada ya mwaka, na watu waliouona ukifanya hivyo wakauacha. Haikuwa mara ya kwanza Marekani. Katika wilaya ya Kent, Michigan, kosa kwenye programu ya kompyuta liliwaacha nje ya orodha ya juri karibu robo tatu ya wakazi waliostahili kuitwa, kwa muda wa zaidi ya mwaka, na walioachwa zaidi walikuwa wa mitaa yenye weusi wengi. Iligunduliwa mwaka 2002. Kompyuta haina chuki, na bado washtakiwa weusi walihukumiwa na juri zisizokuwa na watu wao.

Nilipopanda kizimbani kama shahidi mtaalamu, mwendesha mashtaka hakugusa hesabu zangu. Aliniuliza kama ninaweza kumtaja karani hata mmoja anayewachukia weusi. Nilisema siwezi. Akaniuliza kama ninajua, kwa hakika, rangi ya mtu yeyote katika orodha ile. Nilisema ninazijua anwani, na ninajua nani anaishi katika mitaa ile. Akakaa chini kana kwamba amemaliza kazi. Lakini sheria ya juri ina mlango mwingine. Katika kesi ya Duren ya mwaka 1979, iliyohusu wanawake kuachwa nje ya juri huko Missouri, Mahakama ya Juu ilisema kwamba haki ya kupata juri inayowakilisha jamii inavunjwa pale kundi linapopungua kupita kiasi kwa sababu ya utaratibu wenyewe, bila kulazimika kuthibitisha nia ya mtu. Wakili wetu alisimama kwenye mlango huo.

Jaji alikataa ombi letu. Alisema makadirio ya sensa hayatoshi, na kesi ikaendelea na juri ileile. Hata hivyo, baada ya ushahidi ule kuwekwa kwenye kumbukumbu, wilaya ilianza kusasisha anwani na kutuma barua ya pili kwa wasiojibu. Waliokuja baadaye walifaidika. Mteja yule hakufaidika, na sikubali mtu aniambie kwamba mambo yalikwenda vizuri.

Mwanangu wa kiume alipofikia umri wa kuendesha gari, mume wangu alimfundisha kitu ambacho wazazi weusi wa Marekani huwafundisha watoto wao: askari akikusimamisha, mikono juu ya usukani, usiingize mkono mfukoni mpaka uombe ruhusa. Mwanangu alisimamishwa katika mwaka wake wa kwanza wa kuendesha. Aliniuliza, "Mama, wewe si unajua hesabu, ni kwa sababu ya rangi yangu?" Nilimweleza nilivyoweza. Kusimamishwa kwake hakunipi jibu. Kusimamishwa kwa watu wengi kunanipa, iwapo nitajua pia walikuwa wangapi barabarani. Katika sehemu, kama tunavyofundishwa tangu shule ya msingi, kiasi, yaani namba ya juu, hakina maana bila asili, yaani namba ya chini.

Hiyo asili ndiyo aliyokwenda kuitafuta John Lamberth wa Chuo Kikuu cha Temple kwenye barabara kuu ya kulipia ya New Jersey. Mawakili walijua askari wanawasimamisha weusi mno, lakini hakuna aliyejua weusi wangapi hupita pale. Watu wake walikaa kando ya barabara wakahesabu magari zaidi ya 42,000, asilimia 13.5 yalikuwa na mtu mweusi ndani. Basi labda weusi wanakwenda mbio zaidi? Gari moja likaendeshwa kwa mwendo uleule wa maili 60 kwa saa, mahali ambapo mwisho ni 55, wakahesabu yaliyolipita. Karibu asilimia 98 ya magari yote yalikuwa yanavunja sheria, na weusi walikuwa asilimia 15 ya waliovunja. Katika waliosimamishwa ambao rangi yao iliandikwa, weusi walikuwa zaidi ya asilimia 35. Mwaka 1996 Jaji Robert Francis aliukubali ushahidi huo katika kesi ya Soto, akaufuta ushahidi uliopatikana kwa kusimamisha watu namna ile. Mwaka 1999 serikali ya jimbo yenyewe ilikiri kwamba mtindo huo ulikuwapo kweli.

Mjini New York hoja ilibadilika kidogo. Polisi walisema wanawasimamisha weusi na Walatino kwa sababu ndiko uhalifu uliko. Kati ya Januari 2004 na Juni 2012 waliwasimamisha watu mitaani mara milioni 4.4, asilimia 52 walikuwa weusi, ilhali weusi walikuwa karibu asilimia 23 ya wakazi wa jiji. Jeffrey Fagan wa Chuo Kikuu cha Columbia alionesha kwamba hata ukizingatia kiwango cha uhalifu cha kila eneo, rangi inabaki. Kwangu mimi ushahidi mzito zaidi ni matokeo. Asilimia 88 ya waliosimamishwa waliachiwa bila kukamatwa wala kuandikiwa kosa. Silaha ilipatikana kwa asilimia 1.0 ya weusi waliosimamishwa, na asilimia 1.4 ya wazungu. Ukimsimamisha mweusi kwa shaka ndogo na mzungu kwa shaka kubwa tu, hivyo ndivyo matokeo yatakavyokuwa. Jaji Shira Scheindlin aliamua dhidi ya jiji mnamo Agosti 2013.

Kuna mahali ambapo sheria yenyewe imerekebishwa ili isikie hesabu. North Carolina ilipitisha Sheria ya Haki ya Rangi mwaka 2009, ikimruhusu aliyehukumiwa kifo kutumia takwimu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walichambua kesi 173 za hukumu ya kifo wakaona kwamba waendesha mashtaka waliwaondoa kwenye juri asilimia 52.6 ya weusi waliostahili, na asilimia 25.7 tu ya wengine. Mwaka 2012 Jaji Gregory Weeks alimbadilishia Marcus Robinson adhabu ya kifo ikawa kifungo cha maisha. Wabunge wa jimbo waliifuta sheria hiyo mwaka uliofuata. Kifungo cha maisha cha Robinson nacho kilibatilishwa, lakini mahakama ya juu ya jimbo ilimrudishia mwaka 2020, na mwaka huohuo California ikapitisha sheria yake, ambayo haidai kuthibitisha nia. Msimamo wangu ni huo huo wa California. Serikali ikioneshwa pengo la rangi ambalo halielezeki kwa jambo lingine, ni wajibu wake kulieleza au kulifuta, na mshtakiwa asitumwe kutafuta moyo wa karani.

Namalizia na ninyi mnaosoma Kiswahili mkiwa Marekani. Wengi wenu, Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya, mmeshaapa uraia. Mkijiandikisha kupiga kura au mkichukua leseni ya udereva, majina yenu huingia kwenye orodha ambamo mahakama nyingi hutafuta wanajuri. Nimesikia watu wakisema barua ya juri ni usumbufu, wengine wakiiogopa kama vile wao ndio walioshtakiwa. Ukihama, badilisha anwani yako. Ukiletewa dodoso, jaza sehemu ya rangi, maana safu ikiwa tupu hakuna mtakwimu atakayeweza kuonesha chochote. Na barua ya kuitwa kwenye juri ikifika nyumbani kwako, ifungue, ijibu, nenda ukakae kwenye kile kiti.